Kioo Hakikumbuki Jana

Barua zilikuwa tatu. Ya kwanza ilisema kuna sekta 8, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Ya pili, iliyofuata baada ya siku 11, ilisema nyingine hazirekebishiki tena. Ya tatu ilisema jaribio ambalo diski hujipima yenyewe limekatikia njiani. Zote tatu niliandikiwa mimi, na zote nilizisoma kwa mkupuo mmoja, siku mbili baada ya diski kuanza kugonga tk-tk-tk na faili kugoma kufunguka.

Programu iliyozituma, smartd, ambayo huchunga afya ya diski, haikuwa na kosa. Mimi ndiye sikuwahi kuipa anwani yangu ya barua pepe, nayo ikazipeleka mahali palipowekwa na mfumo wangu tangu mwanzo: sanduku la barua la mtumiaji mkuu, root, humo humo ndani ya seva. Sanduku lile sikuwa nalifungua kwa sababu hata sikujua kama lipo. Ni sawa na mlinzi aliyemwona mwizi, akaandika taarifa safi yenye saa na tarehe, akaikunja, akaitia mfukoni mwake na kuendelea na lindo.

Seva yenyewe si kitu cha kutisha. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyostaafu, nimeiwekea Linux, diski ndogo ya mfumo na diski moja ya data ya terabaiti 4. Humo kulikuwa na picha za familia za miaka 15, hati nilizoskani, muziki, filamu, na rekodi za sauti ambazo nitazifikia baadaye, kwa sababu ndizo zinazoniuma mpaka leo.

Diski ilipokuwa inakata roho nilifanya kila kisichofaa. Niliizima na kuiwasha mara nne. Nikaburuta folda nzima kwa kipanya ili ninakili, ikakwama kwenye faili ya tatu, nikaanza upya. Nikawa nafungua folda moja moja kuangalia kipi bado kipo. Diski iliyojeruhiwa ina pumzi za kuhesabika, na mimi zangu nilizimalizia kwenye kuchungulia. Rafiki yangu mmoja nilipomweleza kwa simu hakuniacha nimalize. "Ndugu yangu, ondoa mikono hapo. Tafuta ddrescue, halafu usiiguse mpaka imalize."

ddrescue haijali folda wala majina ya faili. Huisoma diski kama ukanda mmoja mrefu na kuuhamishia kwenye diski nyingine isiyo na jeraha. Kwanza huchukua sehemu zinazosomeka bila taabu; ikifika penye kovu huruka, ikaandika kwenye ramani yake kwamba hapa nitarudi, na hurudi kweli mwishoni, baada ya kuokoa vya kuokoka. Ukiikatiza katikati, ukiianzisha tena huanzia ilipoishia. Yangu ilichukua siku tatu. Vitu karibu vyote vilitoka. Faili 112 zilitoka na matundu, nyingi zikiwa filamu ambazo hakuna aliyezililia. Nikajiona mjanja aliyeponea chupuchupu, nikaapa kwamba sasa nitakuwa mtu wa kusoma SMART.

Na nikawa. SMART ni daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, na kwa mgeni linatisha: safu ya majina, safu ya namba, nyingine za kufika mamilioni. Nimejifunza kutolisoma lote. Kwanza kabisa, siliamini neno PASSED, yaani imefaulu, linalotokea juu. Hukumu ile hutolewa kwa kulinganisha alama za diski na kikomo alichokiweka mtengenezaji mwenyewe, na diski yangu ilikuwa PASSED mpaka siku ya mazishi yake. Naangalia namba ghafi, tena chache. Namba 5 ni sekta zilizoharibika ambazo diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake ya ndani. Namba 197 ni sekta ilizoshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Namba 198 ni zile ilizozikuta wakati wa kujikagua zikiwa hazirekebishiki. Namba 187 ni makosa yaliyoifikia kompyuta bila kurekebishwa. Zikiwa sifuri zote, lala. 197 ikitoka sifuri ikawa 8, agiza diski nyingine. Nane hiyo, kwa njia, ina sababu yake: diski nyingi za leo huandika kwa vipande vya baiti 4096 lakini hujihesabia kwa sekta za baiti 512, hivyo kipande kimoja kikifa hesabu hupanda kwa nane.

Namba 199 ilinipotezea wikendi nzima. Ilikuwa inapanda kila siku, mimi nikiwa nimekwisha kuitangaza diski kuwa marehemu, kumbe namba ile huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mama. Kebo ya SATA ilikuwa imelegea. Nikaibadilisha, hesabu ikasimama. Haikurudi sifuri na haitarudi. Hiyo ni namba isiyosahau. Kwa hiyo kinachotazamwa ni kama inapanda, si ukubwa wake.

Nikaweka jaribio fupi kila usiku na jaribio refu kila Jumamosi. Hilo refu husoma diski yote mwanzo mpaka mwisho, na kwa terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa saba. Na safari hii nikaandika anwani yangu ya kweli, kisha nikatumia chaguo ambalo watu wengi huliruka, lile la kuiamuru smartd itume barua ya majaribio mara inapowaka. Barua haikufika. Nikarekebisha, haikufika. Ya tatu ndiyo iliyofika, kwenye folda ya taka. Laiti ningelifanya hivyo mwaka uliotangulia, simulizi hii ingeanza na kitu kingine.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwenye diski hunyesha sana bila wingu. Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walitoa utafiti uliotazama diski zaidi ya laki moja za kampuni hiyo. Walithibitisha kwamba makosa yale ya kusoma ni hatari kweli: diski iliyopata la kwanza ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyopata. Ila upande wa pili wa karatasi yao ndio ulionikosesha raha. Zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye dalili nne za SMART walizoziona kuwa na nguvu zaidi. Yaani hata barua zangu zikifika zote kwa wakati, kila mara nitakuwa nangojea kifo ambacho huenda kisibishe hodi.

Ndipo nikanunua diski mbili na kuziweka kioo.

Kioo, kwa asiyekijua, ni RAID ya aina ya 1: kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Jina RAID lilitolewa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walichotafuta ni namna kundi la diski ndogo za bei nafuu linavyoweza kushindana na diski moja kubwa ya ghali bila kuangushwa na kifo cha mojawapo. Ukiyaweka maneno hayo akilini, unaona wazi kazi ya kioo ni ipi na isiyo yake ni ipi. Mimi sikuyaweka. Niliona faili zangu mahali pawili nikasema ninazo nakala.

Na kioo kilinipa kiburi, kwa sababu kilifanya kazi. Miezi minane baadaye diski moja ilikufa ghafla, usiku, bila 197 wala 5 kusogea, kama watu wa Google walivyosema. Asubuhi watoto wakaendelea na katuni zao. Hakuna aliyejua. Nikachomeka diski mpya, kioo kikajijenga upya kwa saa nane, na katika saa hizo nane nikapata muda wa kufikiria kwamba zile diski mbili za mwanzo nilizinunua siku moja, namba zao za utengenezaji zikifuatana, na zimefanya kazi sawa kwa saa zile zile kwenye joto lile lile. Iliyobaki ilikuwa pacha wa marehemu, nayo ndiyo inayosomwa yote kwa nguvu ili kumjaza mgeni. Tangu siku hiyo sinunui mbili kwa pamoja.

Juu ya kioo nilikuwa na diski ya nje ya USB, na skripti ya rsync, programu ya kunakili faili, iliyokimbia saa nane usiku kila siku. Niliiita bakapu. Ilikuwa na chaguo la --delete, linaloifanya nakala ifanane na asili hata kwa vilivyofutwa: ukifuta huku, na kule kunafutwa. Nilipenda usafi wake.

Onyo lilikuja mapema na nikalicheka. Siku moja baada ya kusasisha mfumo, seva iliwaka bila kukipandisha kioo mahali pake, yaani bila kukiunganisha na folda kinakofungukia. Folda ya kukipandishia ilibaki, lakini tupu. Saa nane rsync ikaamka. Yenyewe ina busara fulani: ikikutana na hitilafu ya kusoma kwenye asili hujizuia kufuta, isije ikafuta kwa makosa. Lakini folda tupu si hitilafu. Folda tupu inasomeka vizuri sana. Ikatazama asili, ikaona hakuna kitu, ikatazama nakala, ikaona terabaiti mbili zisizo na mwenzao, ikazifagia zote. Asubuhi nilikuta diski ya nje nyeupe pee. Kioo chenyewe kilikuwa salama, nikakipandisha kwa mkono, nikaanzisha nakala upya. Nikaongeza mstari wa kuangalia kama kioo kimepanda kweli kabla rsync haijaanza, na --max-delete ili isifute zaidi ya idadi fulani kwa usiku mmoja. Nikawasimulia marafiki kama kichekesho. Nilirekebisha skripti, fikra iliyoizaa sikuigusa.

Sasa zile rekodi.

Mama mkwe, kabla hajafariki, alikuwa na mazoea ya kusimulia. Mke wangu na mdogo wake walimrekodi kwa simu zao, kila mmoja kwa wakati wake: hadithi, nasaha, mara nyingine kicheko tu na kelele za watoto nyuma yake. Rekodi 43. Nilizikusanya kwenye seva katika folda mbili, ya simu hii na ya simu ile, zikakaa. Mwaka mmoja baadaye nikaamua kupanga vitu. Niliandika skripti ndogo ya kuhamisha sauti zote kwenye folda moja yenye jina lake. Kazi ya dakika tano, na ilikimbia kwa sekunde mbili bila kulalamika.

Simu zote mbili zilikuwa za aina moja. Zote zilizitaja rekodi zake kwa mtindo mmoja: sauti 001, sauti 002, sauti 003. Amri ya mv, usipoiambia vinginevyo, ikikuta faili yenye jina lile lile pale inapokwenda haiulizi. Inaikalia. Rekodi 19 za simu ya kwanza zilikaliwa na rekodi 19 za simu ya pili.

Kioo kikafanya wajibu wake ndani ya sekunde ile ile: kufutika kukaandikwa kwenye diski zote mbili kwa uaminifu. Saa nane usiku rsync ikafanya wake. Walinzi wangu wa kufuta hawakuona kitu, maana faili 43 zilizoondoka kwenye folda za zamani zilikuwa chache mno. Zile 24 za folda mpya zikanakiliwa vizuri. SMART ikaendelea kuandika sifuri, sifuri, sifuri. Diski zote nzima. Barua zote zinafika. Mfumo wangu wote ulikuwa na afya ya kutamanisha, na sauti 19 hazipo.

Miezi minne ikapita ndipo mke wangu alipotaka kuzisikiliza. Nilimsikia kutoka chumba cha pili.

"Baba watoto, mbona folda ya Mama ina faili ishirini na nne tu?"

Nikamwambia asubiri, ziko mahali. Nikaenda kwenye kioo, nikaenda kwenye diski ya nje. Nilikuwa na nakala tatu za leo na hata moja ya miezi minne iliyopita. Kila nilipopageukia niliona picha ile ile, iliyopigwa jana usiku. Nikajaribu programu za kufufua faili zilizofutwa, lakini kwenye diski inayoandikwa kila siku, baada ya miezi minne, unatafuta nyayo ufukweni baada ya maji kujaa na kupwa mara mia mbili. Shemeji yangu alipata sita kwenye simu, alizowahi kuwatumia ndugu. Kumi na tatu hazikupatikana. Mke wangu hakunigombeza. Alifunga kompyuta, akaenda zake, na kwa muda mrefu sikumsikia akiulizia kitu chochote kilichoko kwenye seva.

Watu wakiniuliza siku hizi kuhusu RAID ipi ni bora, mimi huwauliza kwanza: ukiharibu faili leo na ukagundua mwezi wa sita, utaitoa wapi? Wengi hunijibu kwa kutaja idadi ya diski. Nawaelewa, nilikuwa hivyo. Kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali na hayahusiani kwa karibu. Ufuatiliaji hukupa taarifa. Kurudufisha hukufanya usisimame diski ikifa. Nakala ya akiba hukurudisha kwenye siku ambayo mambo yalikuwa sawa, na kama haiwezi kukurudisha kwenye siku, basi hicho ni kioo kingine tu, hata kikiwa kwenye diski nyingine, hata kikiwa kwenye wingu.

Nikaiacha rsync kwa kazi hiyo, nikahamia restic, programu ya nakala za akiba. Haifuati asili kama kivuli. Kila usiku huweka hali ya siku hiyo kama ukurasa mpya. Vipande vya data ambavyo imekwisha kuvihifadhi haiviandiki mara ya pili, hivyo kurasa mia hazichukui nafasi ya mara mia. Nimeiagiza ibakize za siku 7, za wiki 5, za miezi 24. Miezi 24 ni kwa sababu ya ile minne. Filamu na muziki sizitii humo. Zinapatikana kwingine, na kuziacha kumepunguza mzigo mpaka gigabaiti 900. Nadhani watu wengi hushindwa kuanza kwa sababu wanataka kuhifadhi kila kitu, hesabu inawatisha, wanaishia kutohifadhi hata picha.

Nakala moja iko nyumbani kwa dada yangu, mji mwingine. "Kaka, hiki kidude kitakula umeme wangu?" aliniuliza nilipomletea kompyuta ndogo yenye diski moja. Nikamwambia kidogo sana, akaiweka nyuma ya runinga. Nakala ya kwanza niliijaza kwangu na kuisafirisha kwa mkono, kwa sababu gigabaiti 900 kwa intaneti ya kupandisha megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku nane mchana na usiku. Baada ya hapo hupanda mabadiliko tu. Upande wa kwake nimeuweka katika hali ya kuongeza bila kufuta: seva yangu inaweza kuleta ukurasa mpya, haiwezi kuchana wa zamani. Kuchana kurasa zilizopitwa na wakati nakufanya mimi mwenyewe kutoka kule kule. Hilo nimelitaka kwa sababu mbili. Moja ni virusi vya kusimba faili na kudai fidia, vya jamii ya WannaCry iliyozagaa Mei 2017. Virusi vikiingia kwenye seva, chochote ambacho seva inaweza kukifuta navyo vinaweza. Ya pili ni skripti zangu mwenyewe, ambazo kwa rekodi yangu zimeniharibia zaidi kuliko kirusi chochote.

Nakala nyingine iko kwenye diski ya USB inayokaa kabatini, imechomolewa. Huchomekwa mwanzoni mwa mwezi na kurudi kabatini. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni inayotajwa sana, nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja ikiwa mbali, na kwa bahati ndipo nilipoangukia. Hiyo ya mbali si mapambo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha data cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala yao ya akiba ilikuwa humo humo pamoja na asili. Kama inawatokea watu wenye majengo, mimi na kabati langu ni nani?

Niliona nimemaliza. Kisha nikafanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mtu: nilijifanya seva imeungua. Nikachukua kompyuta mpakato isiyo na kitu changu, nikakaa nayo sebuleni, nikajiambia rudisha folda ya picha za mwaka jana. Restic ikaniomba nenosiri, na restic husimba kila kitu. Bila nenosiri ulichonacho ni takataka zilizopangwa vizuri. Nenosiri lilikuwa refu, la kubuniwa na programu ya kutunza manenosiri. Programu hiyo niliiendesha kwenye seva. Seva ambayo, kwa mujibu wa mchezo, ilikuwa imeungua.

Nilicheka peke yangu pale sebuleni, ila kicheko kibaya. Miezi sita ya nakala zisizo na dosari, na ufunguo wa kasha nimeufungia ndani ya kasha. Sasa nenosiri, pamoja na anwani ya mashine ya dada na maelekezo ya mistari saba, limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iko kwenye bahasha ya vyeti vya familia, nyingine anayo dada. Mke wangu amewahi kurudisha faili kwa kufuata karatasi hiyo bila mimi kufungua mdomo. Mstari wa nne ulimkwamisha, nikauandika upya.

Nikihisi ninajilaumu kupita kiasi huwa naikumbuka GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, amechoka, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva siyo. Walipokimbilia nakala wakakuta mahali pa kuhifadhia ni patupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakaokolewa na nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine saa sita kabla. Walieleza yote hadharani, na kila nikifika pale penye barua zilizokataliwa naona sanduku langu la root.

Kwa hiyo nimegeuza mtindo. Zamani kimya kilimaanisha mambo shwari. Sasa seva hunitumia ujumbe kila asubuhi nakala ikikamilika, na huduma ndogo iliyo nje ya nyumba hunipigia kelele kama ujumbe huo haukupita. Kimya ndicho king'ora.

Limebaki jambo moja, nalo lilinishangaza nikiwa tayari nadhani najua. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kutunza akiba yao kwenye diski. Faili isiyofunguliwa kwa miaka inaweza kubadilika biti moja mbili bila diski kusema neno, na kioo cha kawaida kikikuta pande mbili hazifanani hakijui upande upi ni wa kweli. Niliponunua diski za sasa nikakijenga kioo upya kwa ZFS, mfumo ulioanzia Sun Microsystems, ambao huweka hesabu ya ukaguzi kwa kila kipande inachoandika. Mara moja kwa mwezi naiamuru ipitie vyote. Ikikuta kipande kisicholingana na hesabu yake hukichukua kutoka diski ya pili na kukirekebisha, kisha inaniambia. Kwa miaka mitatu imeniambia mara mbili. Moja ilikuwa picha ya harusi. Ningekuwa na kioo cha zamani pengine ningeifungua siku moja nikaikuta na ukanda wa kijivu katikati ya nyuso za watu, nikamlaumu mpiga picha. Kwa sababu hiyo hiyo restic nayo naiagiza kila wiki isome sehemu ya vilivyohifadhiwa na kuvihakiki, isiishie kuhesabu majina tu.

Alhamisi iliyopita barua ilifika kwenye simu nikiwa njiani. Diski ya pili ya kioo, namba 197, kutoka 0 hadi 8. Sikuizima, sikuichungulia. Nilipofika nyumbani nilihakiki nakala ya usiku kwa dada, nikachomeka ile ya kabatini nikaisasisha na kuirudisha, kisha nikatoa diski ya akiba niliyoinunua mwezi uliopita na kuianzishia jaribio refu kabla sijaiamini na chochote. Mke wangu alipita, akaona nyaya mezani.

"Imekufa?"

"Bado. Imeandika barua."

Akaniangalia kidogo. "Rekodi za Mama ziko wapi?"

Nikamwonyesha mahali pote patatu, na ukurasa wa miezi 20 iliyopita, faili 30 zikiwa zimeorodheshwa moja moja. Akachagua moja, akairudisha yeye mwenyewe kwa kufuata karatasi, akaisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Jaribio la diski mpya lilikuwa limebakiza asilimia 40.